Gari limeoshwa linang'aa, ukiligusa linakwaruza: klei inasafisha rangi au inaimaliza? (Wa Mtwara na Lindi tusaidiane)

#1 MwanaShangani
Wakuu habari. Gari ni Toyota IST ya rangi ya fedha, imekuja kutoka Japani ikiwa imetumika, na tangu iingie Mtwara mjini inalala nje. Nikiiosha inang'aa vizuri tu. Shida ni kiganja: nikikipitisha juu ya boneti na paa nasikia vichembe vichembe, kama msasa uliochakaa. Milangoni ni vichache, juu ya buti ni vingi. Sabuni haivitoi. Nikitumia kucha kinatoka kimoja kimoja.

Kijana anayenioshea anasema nikapige polishi kwa fundi. Ndugu yangu wa Dar anasema polishi juu ya vichembe ni kuvisaga vikachana rangi, kwa hiyo nitangulize klei (lile bonge laini la kufinyanga linalopitishwa juu ya rangi kunasa uchafu) na kilainishi chake, yaani maji ya kuitelezesha. Naomba wenye uzoefu: hivi vichembe ni nini kwa mazingira yetu huku Kusini? Na klei ikikosewa haiachi gari na mikwaruzo?

#2 NahodhaMsangaMkuu
Unakaa Shangani halafu unauliza? Chumvi ya bahari hiyo. Upepo wa kusi ukivuma usiku kucha, asubuhi hata kioo kimepata ukungu. Mwagia maji mengi kila siku mbili tatu, hela ya klei weka dizeli.

#3 MwanaShangani
IST hainywi dizeli nahodha, ila nimekusikia. Maji namwagia sana tu, vichembe viko palepale.

#4 FundiRangi_Ligula
Chumvi ingekuwa imeshatoka na ndoo ya kwanza. Mimi kazi yangu ni rangi, nieleze kidogo.

Gari nyingi za Japani rangi yake ni tabaka: praima, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa klia, ile inayoleta mng'ao. Klia ni nyembamba sana, kwa kawaida maikroni 40 hadi 50, na milimita moja ina maikroni 1,000. Kila ukipiga polishi ya mashine unaipunguza. Ndiyo maana polishi si dawa ya kila kitu, na nasikitika kuona vijana wanaipiga gari zima kwa sababu ya uchafu ambao ungetoka bila kuila klia.

Klei haifanyi kazi kama polishi. Unaosha gari kwanza, unasuuza. Unakata kipande kinachotosha vidole vitatu, unakifinyanga kiwe bapa. Unapulizia kilainishi sehemu ndogo, tuseme nusu mita kwa nusu mita, mpaka panateleza. Kisha unapitisha klei kwa mistari iliyonyooka, kwenda na kurudi, bila kugandamiza hata kidogo. Mwanzoni utaisikia inakwaruza na kukamata. Baada ya muda inanyamaza, mkono unateleza wenyewe. Hapo pamesafika, futa, hamia pembeni. Ukiigeuza hiyo klei utakuta mistari ya kahawia au nyeusi imeingia ndani yake. Unaikunja, unaifinyanga upya, unaanza na uso safi.

Mikwaruzo inatokea kwa mambo matatu: kilainishi kidogo, mkono mzito, klei chafu. Na ikianguka chini usiiokote ukaendelea nayo. Imeshabeba mchanga, tupa. Najua inauma, tupa hivyohivyo.

#5 MwalimuWaKemia
Naunga mkono #4 kuhusu chumvi. Chumvi inayeyuka kwenye maji, haiwezi kukaa juu ya rangi iliyosuuzwa vizuri. Kinachobaki baada ya sabuni ni kitu kisichoyeyuka kwenye maji, au kilichojichimbia. Ila nahodha hajakosea kabisa: chumvi inaharakisha kutu, na kama vichembe ni vya chuma, hewa ya bahari inavifanya vioze mapema zaidi.

#6 MkuliMwanzoNewala
Nyie wa mjini hamjafikiria salfa. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba mikorosho inapulizwa salfa ya unga kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho. Wanapuliza alfajiri upepo ukiwa umetulia, na umande ndio unaosaidia unga ushike majani. Sasa kama unashika majani hautashika gari? Ukipita Tandahimba kuja Newala saa kumi na moja alfajiri, kwenye taa unaona ukungu wa njano umekaa barabarani. Jua likitoka, joto linaiyeyushia salfa kwenye boneti na hapo haitoki tena.

#7 MwalimuWaKemia
Ndugu wa Newala, salfa inayeyuka kwa joto la nyuzi 115. Boneti hata iwe nyeusi na jua la saa saba haifiki huko. Hilo la kuyeyuka liondoe. Lakini kweli salfa haiyeyuki kwenye maji, tena unga wake unayakataa maji, yanakaa juu yake matone matone. Ndiyo maana kumwagia maji peke yake hakusaidii, inahitaji sabuni ili maji yaishike.

#8 MkuliMwanzoNewala
Asante mwalimu. Basi niseme haiyeyuki, inashikana. Salfa, umande na vumbi jekundu la kwetu vikikaushwa pamoja siku baada ya siku vinaganda. Nimepangusa magari ya njia hii miaka mingi, rangi ya njano naiona kwenye mpira wa madirisha na chini ya waipa. Msimu wa salfa ukiisha, ukali unapungua.

#9 DadaWaMitwero
Watani zangu wa Mtwara, kila kitu kwenu korosho! Mimi niko Lindi, nyumbani hakuna hata mkorosho mmoja wa kutia jiwe, na gari langu jeupe linakwaruza hivyohivyo. Tena lina vidoa vya rangi ya chungwa, vidogo kama ncha ya kalamu, vimejaa bampa la nyuma na mlango wa nyuma. Nikifuta leo vipo, kesho vipo. Hiyo salfa imefuata bahari mpaka Mitwero?

#10 FundiRangi_Ligula
Dada, hizo ni chembe za chuma, sina shaka. Breki zikishika, diski na pedi zinasagana, chembe zinaruka zikiwa za moto na kuchimba klia. Baadaye zinapata kutu, ndipo unaona hiyo rangi ya chungwa. Kwenye gari jeupe zinaonekana, kwenye jeusi na fedha zipo lakini hazionekani, unazisikia tu kwa mkono. Kuna dawa ya kupuliza inayokula chuma: inageuka zambarau ikikutana nacho na inatiririka kama damu ya bibo lililopondwa, harufu yake mayai viza. Puliza hiyo kabla ya klei, suuza, ndipo klei imalizie kilichobaki.

#11 MwalimuWaKemia
Hiyo dawa ya #10 ni chumvi za asidi ya thayoglaikoliki, jamii ileile ya kemikali wanayotumia saluni kuzipa nywele mawimbi, ndiyo maana harufu mtu wa saluni anaijua. Inashikana na chuma na kuleta ile zambarau. Ila ikumbukwe: inakamata chuma tu. Salfa haiigusi, lami haiigusi, saruji haiigusi. Kwa hiyo ni kipimo kizuri kwa MwanaShangani mwenye uzi huu: ukipuliza kwenye boneti isigeuke rangi, chembe zako si chuma.

#12 DerevaMasasi_Tunduru
Mimi nasema makaa ya mawe. Malori yanashuka na makaa kutoka Ruvuma kuja bandarini Mtwara, na sisi tunayafuata nyuma. Ukifika Masasi mbele ya gari ni nyeusi, ukifuta kwa kitambaa cheupe kinakuwa kaniki. Na lori lenye mzigo likishuka mteremko breki zake zinanuka mpaka unafunga vioo. Sasa hizo chembe za breki fundi anazosema zinatoka kwa nani kama si kwa hao?

#13 FundiRangi_Ligula
Breki za malori nakubali. Makaa yenyewe sikubali, yanatoka kwa shampoo. Yanachafua, hayachimbi.

#14 DerevaMasasi_Tunduru
Yanatoka ukiosha siku hiyohiyo. Yakae wiki mbili yakichanganyika na moshi wa dizeli uone kama yanatoka.

#15 MjenziMikindani
Kuna kitu hamjagusa: saruji. Aliyeegesha karibu na ujenzi, au anayepita nyuma ya gari la saruji, vumbi linatua, umande unalilowesha, linashika. Gari la bosi wangu lilikuwa na vidoa vya kijivu kwenye paa, vigumu, ukivigusa vinakwangua kidole. Tulilowesha kitambaa kwa siki iliyopunguzwa maji, tukakilaza juu ya kidoa kivulini, kikalegea, tukasuuza kwa maji mengi. Aliyetaka kutumia klei hapo tulimzuia, kwa sababu chembe ya saruji ikikwama kwenye klei unaikokota gari zima.

#16 MwalimuWaKemia
Hilo ni la msingi. Saruji mbichi ni alkali kali, ikikaa na unyevu inaweza kuila klia. Siki inasaidia kwa sababu ni asidi hafifu. Isitumike juani, isiachwe ikauke, na sehemu za chuma tupu ziepushwe.

#17 MamaKijani_Nachingwea
Nimesoma yote, somo zuri. Mimi swali langu ni kilainishi. Klei nimeletewa na mwanangu, kilainishi hakikuja nayo. Sabuni ya vyombo haifai? Nayo inateleza.

#18 Kibopa_Chuno
Mama usitumie. Inaondoa waksi yote.

#19 FundiRangi_Ligula
Klei nayo inaondoa waksi, na baada ya klei lazima upake waksi upya. Hiyo siyo sababu. Sababu yangu ni nyingine: sabuni ya vyombo inatoa povu jingi, na povu si utelezi. Povu linapasuka, maji yanatiririka, unabaki na klei kavu juu ya rangi. Shampoo ya magari matone machache kwenye chupa ya kupulizia ya lita moja inatosha kabisa. Na chukua chupa mpya, ile iliyowahi kuwekwa dawa ya mbu achana nayo.

#20 Kibopa_Chuno
Kwangu shampoo ya magari iliteleza mno, klei ikawa inapita tu juu bila kukamata kitu. Nikaipunguza nguvu ndipo ikafanya kazi. Kwa hiyo utelezi nao una kiasi chake.

#21 ZubedaWaPwani
Mafuta ya nazi je? Yapo tele, yanateleza kuliko yote, hayadhuru kitu.

#22 MwalimuWaKemia
Dada Zubeda, klei si udongo wa shambani, ni polima laini za jamii ya petroli zilizochanganywa na chembe ndogo sana za kukwangua. Vitu vya jamii moja vinayeyushana. Mafuta yoyote, ya nazi, ya taa, petroli, yanaweza kuilegeza, ikaanza kuacha utando unaonata kwenye rangi, na kuutoa huo utando ni kazi nyingine. Kilainishi cha klei kiwe cha maji.

#23 ZubedaWaPwani
Shukrani mwalimu. Nazi nitaiacha jikoni.

#24 KijanaWaRahaleo
Naomba kuuliza bila kuchekwa. Huku Kusini wafinyanzi wapo. Kwa nini mtu asichukue udongo laini wa mfinyanzi, akauchuja, akatumia? Au ile plastisini ya watoto wa chekechea?

#25 FundiRangi_Ligula
Hakuna wa kukucheka, swali la maana. Udongo wa mfinyanzi una mchanga ndani yake hata uuchuje namna gani. Mchanga ule ni kwatzi, ugumu wake ni 7 kwenye kipimo cha Mohs, mgumu kuliko kioo cha dirisha. Klia haina pa kujificha, utachora gari. Plastisini ina mafuta na chokaa ya kujazia, itapaka utando na haitakamata chembe.

#26 MzeeWaMtanda
Vijana, Probox yangu nyeupe nilipelekwa na mjukuu kufanyiwa hiyo klei. Baada ya dakika chache klei ikawa nyeupe pe, kitambaa nacho cheupe. Nikawaambia waache, rangi inaondoka. Wao wakasema ni kawaida. Nani mkweli?

#27 FundiRangi_Ligula
Shikamoo mzee. Angalia bamba dogo la maelezo ya gari (si namba za usajili), kwenye magari mengi ya Toyota liko ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, palipoandikwa rangi. Ukikuta 040, hiyo ni nyeupe isiyo na klia, rangi na mng'ao ni kitu kimoja. Ikichakaa kwa jua uso wake unakuwa unga, na unga huo ndio uliouona kwenye klei. Vijana hawakudanganya, ila nawe ulifanya vizuri kuwazuia wasiendelee kusugua palepale. Kwa 040 klei iwe ile laini kabisa, mkono mwepesi zaidi, na baada yake waksi siku hiyohiyo.

#28 MzeeWaMtanda
Marahaba. Nimeenda kutazama, kweli 040. Mbona waliouza hawakusema?

#29 DadaWaMitwero
Na kwa wenye klia iliyoanza kubanduka paani, mabaka meupe yale, klei inasaidia?

#30 FundiRangi_Ligula
Hapana. Klia ikishabanduka hakuna klei, polishi wala waksi inayoirudisha, ni kupiga rangi upya. Tena ukipitisha klei pembeni ya baka, ukingo unaweza kunyanyuka na baka likaongezeka. Nawasihi: atakayekuahidi kurudisha klia kwa kusugua anataka hela yako.

#31 Kibopa_Chuno
Nirudi kwa #10. Mimi siamini klei inatoa chembe za chuma. Inakata kichwa tu, mzizi unabaki ndani ya klia, baada ya mvua mbili tatu kutu inachomoza tena. Ndiyo maana Dada wa Mitwero anafuta leo, kesho vipo. Wajerumani waliotengeneza klei waliitengeneza kwa uchafu wa juu tu.

#32 MwalimuWaKemia
Klei haijatoka Ujerumani, imetoka Japani. Tadao Kodate alipata hataza yake (haki ya mbunifu) Marekani mwaka 1995, na alichoeleza humo ni plastiki inayonyumbulika yenye chembe za kukwangua ndani yake. Kwa hiyo inakwangua na inanasa, vyote viwili. Kama mzizi unabaki au la, naona inategemea chembe imezama kiasi gani.

#33 FundiRangi_Ligula
Mimi nimeona chembe zikitoka nzima zimenasa kwenye klei, unaziona kwa jicho, zina makali. Nikipitisha kucha pale zilipokuwa nakuta kishimo, si kisiki.

#34 Kibopa_Chuno
Na mimi nimeona kidoa kikirudi mahali palepale nilipokiondoa. Wote tuna macho.

#35 DerevaMasasi_Tunduru
Au kimerudi kwa sababu umepita tena nyuma ya lori lilelile. 😀

#36 MwanaShangani
Wakuu nimesoma kila kitu. Nimefanya kipimo cha #11, nimepata hiyo dawa kwa jamaa. Kwenye rimu na sehemu ya chini ya milango iligeuka zambarau palepale. Kwenye boneti na paa haikugeuka. Na vichembe vingi viko boneti na paa. Nimechanganyikiwa zaidi.

#37 MkuliMwanzoNewala
Hukuchanganyikiwa, umepata jibu: boneti na paa vinatazama juu. Kinachotoka juu ni salfa.

#38 MjenziMikindani
Au saruji. Nayo inatua kutoka juu.

#39 NahodhaMsangaMkuu
Unaegesha chini ya mti gani?

#40 MwanaShangani
Mwembe wa jirani. Kivuli kizuri, na huku jua mnalijua.

#41 NahodhaMsangaMkuu
Basi nawaachia salfa yenu. Mwembe una wadudu wadogo wanaofyonza majani na kudondosha maji matamu. Yanashika boneti, paa na buti, milangoni hayafiki. Vumbi linanasa humo, jua linakausha, linakuwa magamba. Mtumbwi uliowekwa chini ya mwembe nao unakuwa hivyohivyo, na mtumbwi hauna breki.

#42 FundiRangi_Ligula
Nahodha umenifanya nifikiri. Lakini maji ya wale wadudu ni sukari. Maji ya uvuguvugu yanaitoa, na yeye anasema sabuni haivitoi.

#43 NahodhaMsangaMkuu
Ya siku hiyo ndiyo inatoka. Iliyopigwa na jua la Mtwara mwezi mzima njoo uitoe wewe na uvuguvugu wako.

#44 MwanaShangani
Yote yanawezekana maana naegesha hapo mwaka mzima. Niambieni basi, kwa kuwa hatujui ni nini, klei nianze au nisianze?

#45 FundiRangi_Ligula
Anza, kwa mpangilio huu. Osha kwa shampoo ya magari, kivulini, asubuhi boneti likiwa baridi. Hili la baridi mlishike sana ndugu zangu: kwenye bati la moto kilainishi kinakauka kabla hujamaliza mstari, na klei inalegea ikapaka utando. Saa nne asubuhi kwa huku kwetu umeshachelewa. Lami kama ipo, itoe kwa dawa ya lami. Wengine mnatumia mafuta ya taa, inakubalika kwa tone kwenye kitambaa, mbali na mipira, na uoshe tena baada yake. Kama kuna vigumu vya kijivu, fuata siki ya #15. Dawa ya chuma umeshapiga. Kinachobaki ndicho cha klei, ile laini, usianze na kali. Jaribu sehemu moja ndogo karibu na kona ya boneti, kausha, itazame kwa tochi ya simu kwa pembeni. Ukiona ukungu wa mikwaruzo midogo, ongeza kilainishi, punguza mkono. Ukiona safi, endelea. Kupima kama pamesafika, vaa mfuko wa mkate mkononi upitishe, kupitia nailoni utasikia hata kile ambacho kidole kitupu hakisikii. Ukimaliza, waksi. Rangi iliyopigwa klei iko uchi, usiilaze nje karibu na bahari usiku ule bila waksi.

#46 MamaKijani_Nachingwea
Kwa nini mfuko wa mkate? Tuliambiwa mifuko ya plastiki imekatazwa.

#47 MwalimuWaKemia
Iliyokatazwa tangu Juni 1, 2019 ni ile ya kubebea bidhaa. Vifungashio vya viwandani kama vya mkate vimebaki.

#48 MkuliMwanzoNewala
Niongee kidogo kama mtu wa uwandani. Hiyo mbinu inakula maji: kuosha, kusuuza dawa, kusuuza tena. Uwanda wa Makonde maji yalikuwa yanatafutwa bondeni na mama zetu wakipanda nayo kichwani. Leo bomba lipo lakini si kila siku. Siwezi kumwaga ndoo kumi kwa ajili ya mng'ao. Kuna njia ya maji machache?

#49 FundiRangi_Ligula
Umesema jambo la haki. Kosha vumbi la juu kwa pampu ya kupulizia ya mgongoni (iwe mpya, haijabeba dawa ya mikorosho), lita zake zinatosha gari dogo ukiwa mwangalifu. Kilainishi cha klei kinakula chini ya lita mbili gari zima. Ila usifupishe uoshaji wa kwanza, vumbi jekundu la kwenu lina mchanga. Klei juu ya vumbi hilo ni hasara.

#50 Kibopa_Chuno
Na maji yawe ya mvua kama umeyakinga. Ya kisima chenye chokaa yanaacha madoa meupe yakikaukia kwenye rangi, na klei haiyatoi madoa yaliyoshaila klia.

#51 KijanaWaRahaleo
Mwenye IST unaiuza? Imeongelewa mpaka nimeipenda.

#52 MwanaShangani
Siuzi. 😀 Nimefanya nusu ya boneti leo alfajiri kwa maelekezo ya #45. Klei imetoka na mistari ya kahawia iliyokolea, na kuna vipunje vya manjano viwili vitatu. Upande uliofanywa mkono unateleza mpaka raha, ule mwingine bado. Mikwaruzo sijaiona. Asanteni sana.

#53 MkuliMwanzoNewala
Manjano! Mmesoma wenyewe.

#54 NahodhaMsangaMkuu
Chavua ya mwembe nayo ina manjano, kijana.

#55 MwalimuWaKemia
Na kahawia iliyokolea inaweza kuwa kutu, vumbi jekundu au sukari iliyoungua. Rangi ya klei peke yake haitoshi. Mkulima, msimu ujao ukiweza kuegesha gari moja chini ya turubai na jingine wazi, shamba lilelile, tutajua zaidi kuhusu salfa.

#56 MkuliMwanzoNewala
Magari mawili sina mwalimu, nina gari na bodaboda. Nitafunika bodaboda. Na hapohapo niulize: tangi la pikipiki linapigwa klei?

#57 FundiRangi_Ligula
Linapigwa, tena ni kazi ya muda mfupi. Toa stika kwanza au zizunguke, klei inanyanyua kingo zake. Kama tangi ni la rangi isiyong'aa, ile ya kufifia ya kiwandani, usiguse: utalichonga mabaka yanayong'aa na hayafutiki.